Barua ya wazi kwa watendaji, wenyeviti na madiwani wa Mwanza: mtu halali stoo kwa kuuliza kosa lake

Waheshimiwa viongozi wetu, mwangaluka, ndo salamu yetu Wasukuma.

Nawaandikia nyie watendaji wa kata na mitaa, wenyeviti wa mitaa na madiwani, wa Nyamagana na wa Ilemela na wengine wote wa kando ya ziwa maana najua huku na huko mambo yanafanana. Kata yangu sitaitaja na mtu simtaji. Nikitaja jina mtasema huyu mama ana ugomvi wake na fulani, alafu fulani atahamishiwa kata nyingine na mambo yatabaki vile vile, na mi sitaki mtu ahamishwe, nataka mambo yabadilike.

Mi ni mama wa dagaa. Mwaka wa kumi na tisa huu niko mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, nimeanza nikianika mchangani wakati chanja za kuanikia dagaa zilikuwa za kuhesabu, sasa hivi nina chanja zangu sita na nauza mpaka Kirumba Mwaloni pale wanapokuja wanunuzi wa Kongo na Rwanda na Zambia. Watoto wamesoma kwa dagaa hao hao, nyumba ya vyumba vitatu nimejenga kwa dagaa. Nasema hivi mjue anayeongea sio mtu asiyetaka kulipa ushuru, ushuru nimelipa miaka yote, kuna kipindi nalipa kwenye mzani, nalipa getini, alafu nalipa tena sokoni kwa gunia lile lile.

Sasa niwaeleze kilichotokea. Ilikuwa kwenye mbalamwezi. Dagaa anavuliwa usiku wa giza, anafuata taa, mwezi ukiwa mkubwa hafuati kitu, kwa hiyo mitumbwi inapandishwa nchi kavu, vijana wanashona nyavu, na kwa siku kama kumi hivi mwalo mzima hauna hela, tunakula akiba na kukopeshana unga. Siku hiyo wakaja mgambo wanne na kiongozi wa kata wanakagua usafi. Sawa kabisa, usafi ukaguliwe, kipindupindu sisi watu wa ziwani tunakijua kuliko mtu yeyote. Wakapita pita, wakafika kwa mwanangu. Ni mtoto wa mdogo wangu, mi ndo mama yake mkubwa na nimemlea tangu darasa la tatu, anasukuma toroli la dagaa na ana banda lake dogo la kutengeneza taa za sola za wavuvi. Wakamwambia twende. Akasema, samahani mkuu, naomba kujua kosa langu ni lipi. Hakupayuka, nilikuwepo, nilikuwa napindua dagaa wa mwisho mwisho hatua kama ishirini kutoka pale. Akajibiwa kosa lako ni kujifanya mjuaji.

Wakamchukua. Nikajua ataandikwa atarudi, saa kumi na mbili kimya, saa mbili usiku nikaenda ofisi ya kata nikakuta kufuli na mgambo mmoja amekaa nje kwenye kigoda, ananiambia mama kijana wako yumo humo ndani, stoo, njoo asubuhi uonane na mkubwa. Stoo yenyewe ina mifuko ya saruji na viti vibovu na haina dirisha la kupitisha mkono. Nikamwomba nimpe japo maji, huyo mgambo akakubali, Mungu ambariki, akapitisha chupa chini ya mlango. Nikakaa pale nje mpaka saa tano na mbu wa ziwani mnawajua.

Asubuhi nikaambiwa faini elfu hamsini. Faini ya nini? Ya uchafu. Uchafu gani, wapi, nani kaandika? Nikaambiwa mama usianze na wewe. Nikasema sina hamsini, ni mbalamwezi hii, basi ikashuka arobaini, nikakaa kimya kwa sababu kweli sina, ikashuka thelathini. Jamani viongozi wangu, naomba mniambie nyie mliosoma, hivi faini ya serikali inapunguzwa kama fungu la nyanya? Nikakopa thelathini kwa mwenzangu, nikatoa, kijana akatoka macho yamevimba. Nikaomba risiti. Risiti zimeisha, njoo Jumatatu. Jumatatu nikaenda, mashine haina chaji. Alhamisi nikaenda, mhusika yuko semina.

Nilitaka niache, maana huku kwetu mtu akisumbuliwa na ofisi anamshukuru Mungu kwa kutoka mzima anaendelea na maisha yake. Lakini yule kijana tangu siku ile hasemi. Mtu wa kukaa barazani anabishana mpira, Pamba na Yanga, mpaka tunamfukuza akalale, sasa anakaa tu. Siku moja akaniambia mama mkubwa, kumbe ukiuliza ndo unakosea. Hilo neno lilinikosesha usingizi. Nikaanza kuuliza watu wanaojua sheria, kuna dada mmoja anafanya kazi ya msaada wa kisheria akanisaidia sana, akanisomea na vifungu, na ndo nikagundua mengi ambayo ningeyajua mapema yule mtoto asingelala kwenye saruji.

Kwanza kabisa nilikuwa sijui kwamba mtendaji wa kata kisheria ni mlinzi wa amani. Iko kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu. Mlinzi wa amani kazi yake ni kupokea malalamiko na aliyekamatwa akifikishwa kwake ahakikishe anaenda mahakamani kihalali, yaani ni mtu wa kumlinda hata huyo mtuhumiwa. Hajapewa hukumu, hajapewa stoo. Na mtu anayekamatwa ana haki ya kuambiwa anakamatwa kwa sababu gani, hilo sio hisani ya mkamataji, ni sheria, na raia akimkamata mtu anatakiwa amfikishe polisi bila kuchelewa. Polisi wenyewe na bunduki zao na mahabusu zao wamewekewa masaa 24 wamfikishe mtu mahakamani kwa makosa mengi ya kawaida. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya sheria ya mwaka 1997 imewapa kuamuru mtu akamatwe mpaka masaa 48, na hata wao wakubwa hao wanatakiwa waandike sababu na mtu afikishwe mahakamani au aachiwe. Sasa kama mkuu wa mkoa anatakiwa aandike sababu, nyie wa kata ni nani asiyeandika?

Na hiyo faini. Sheria ndogo za halmashauri zina neno linaitwa kufifilisha kosa, mi mwenyewe nilikuwa silijui, maana yake mtu akikiri kosa lake kwa maandishi anaweza kulipa kiasi fulani pasipo kwenda mahakamani yakaisha. Akikiri. Kwa maandishi. Na hela inaingia serikalini kwa kontrol namba na anapewa risiti. Asipokiri, ni haki yake kwenda mbele ya hakimu akasikilizwe. Sasa kijana wangu amekiri wapi? Kaandika wapi? Ile elfu thelathini iko kwenye daftari gani? Mi sisemi mtu kaila, sijaona, nasema sina risiti na kama sina risiti basi hata nyie hamuwezi kuonyesha imeenda wapi, na hapo tumeharibikiwa wote wawili.

Katiba yetu ya mwaka 1977 ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria na inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kuwa ana hatia. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na serikali itapata madaraka yake kutoka kwa wananchi. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zimewekwa kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Nilipoisoma hiyo ya mwisho nilirudia mara mbili. Kupeleka madaraka kwa wananchi. Yaani ofisi ya kata imejengwa ili mi na yule kijana tuwe na nguvu kidogo juu ya maisha yetu, alafu ndo humo humo analala kwenye saruji.

Kuna watu watasema mama unakuza jambo, elfu thelathini tu na usiku mmoja tu. Nawajibu hivi. Sisi wa huku chini hatutaiona Mahakama ya Rufani maisha yetu yote. Bunge tunalisikia redioni. Serikali ninayoijua mi ina sura nne, mwenyekiti, mtendaji, mgambo na karani wa ushuru, basi, hawa wakinitendea haki nchi yangu ina haki na wakinidhulumu hakuna hotuba ya utawala bora itakayonishawishi.

Na haki ikikosekana huku chini haipotei hivi hivi, inageuka kitu kingine. Marehemu baba yangu alikuwa sungusungu kule Magu miaka ya themanini, wakati ule Wasukuma na Wanyamwezi walipojipanga wenyewe kwa mishale na filimbi kwa sababu ng'ombe walikuwa wanaibiwa kila siku na ofisi za serikali hazikuwasaidia. Alikuwa anajivunia na alikuwa na haki ya kujivunia, wizi wa ng'ombe ulipungua kweli. Lakini uzeeni alikuwa anakaa kimya tukifika kwenye habari za vikongwe. Maana kule kwetu mtu akizoea kukata shauri bila kusikiliza upande wa pili, leo ni mwizi wa ng'ombe, kesho ni bibi wa watu mwenye macho mekundu. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe, bibi kapikia wajukuu miaka arobaini, anauawa anaitwa mchawi. Wamekufa wengi Usukumani kwa namna hiyo. Baba alisema tulitoka kutafuta haki tukasahau kuuliza. Na sasa hivi mjini hapa mwizi wa simu akishikwa mnajua kinachotokea, redio itasema wananchi wenye hasira kali, na ukiwauliza hao wananchi kwa nini hamkumpeleka kituoni wanakujibu akifika kule atatoa hela atoke. Nalaani kabisa kuua mtu, nasema tu mzizi wake ni nini, na mzizi mmoja uko ofisini kwenu.

Tena msije mkasema huyu anapinga sheria. Mama yangu ni mtu wa kisiwa cha Ukara. Septemba 20 mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, kilikuwa cha kubeba watu 101 na waliokufa peke yao walikuwa 228. Tumezika ndugu. Na kabla ya hapo Mei 21 mwaka 1996 ilizama meli ya MV Bukoba, wakafa mamia ya watu, ikiwa imeshakaribia Mwanza hapa hapa, kuna familia mpaka leo hazina kaburi. Kwa hiyo mtu wa ziwani hawezi kukwambia sheria haina kazi, sheria ya kuhesabu abiria ingesimamiwa tungekuwa nao wale watu. Ndo maana inaniuma nikiona sheria imegeuzwa njia ya kukusanyia hela, kwa sababu mkaguzi akishazoea kuangalia mfuko wa mtu haangalii tena choo, haangalii tena maboya, haangalii abiria wangapi wamepanda. Siku ile ya usafi, pembeni ya banda la kijana wangu kulikuwa na mtaro umeziba wiki tatu unanuka mpaka kwenye chanja za chakula. Waliuruka wakapita.

Niseme na la baraza la kata maana nikinyamaza nitakuwa sijamtendea haki jirani yangu. Ni mjane, mumewe alifariki akamwachia kiwanja na nyumba ya tope, shemeji zake wakaja wanasema kiwanja ni cha ukoo. Akaenda baraza la kata. Akatoa hela ya kufungua shauri, akatoa ya kuita wajumbe, akatoa nauli ya wazee kwenda kuona mpaka, akatoa soda, mwezi wa pili wa tatu wa nne, njoo kesho, njoo keshokutwa, leo akidi haijatimia. Baada ya miezi minane wakatoa hukumu kiwanja kigawanywe. Mwanamke wa watu akaanza kubomoa jiko lake. Kumbe tangu mwaka 2021 sheria ilishabadilishwa, baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua kesi ya ardhi! Kazi yake ni kupatanisha tu, na ikipita siku 30 hawajapatana mtu anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku thelathini, sio miezi minane. Na sheria inataka kwenye lile baraza la kata wajumbe wasipungue wanne wasizidi wanane na watatu wawe wanawake, siku aliyokwenda yeye alikuta wazee wanaume watupu, na mmoja ni rafiki wa shemeji yake.

Sasa hapa sijui nimlaumu nani, labda wajumbe wenyewe hawakuambiwa, kuna wazee wazuri tu pale wanaotoka mashambani kwao wakaja kukaa siku nzima bila posho. Lakini nyie watendaji na madiwani mliambiwa. Barua zinakuja kwenu. Mwaka 2021 hiyo hiyo ilitungwa sheria kwamba Kiswahili ndo kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, tukafurahi sana, tukasema sasa tutaelewa. Lakini hata Kiswahili hakisaidii kama karatasi imefungiwa kabatini.

Nakuja kwenye jambo ambalo naliona ndo mama wa yote haya, mkutano wa mtaa.

Tulikuwa na mwenyekiti mmoja zamani, hakuwa msomi, alikuwa fundi mitumbwi. Kila mkutano ukikaribia anapita mwenyewe na filimbi mwalo mzima, anawaambia mje na maswali. Tunakaa chini ya mti pale karibu na mzani wa zamani, anafungua daftari la kaunta, anasoma, tulipata kiasi fulani kutoka kwa watu wa mchanga, tulitumia kiasi fulani kwenye mlango wa zahanati, hiki kimebaki, huyu hapa ndo anayeshika. Kuna siku hesabu ilipungua elfu saba na mia tano, watu wakamkomalia mpaka jua linazama, akatoa mfukoni mwake akasema nitaangalia nilipokosea. Mkutano uliofuata akaja na jibu, alilipa bati mbili akasahau kuandika. Watu wakampigia makofi. Ule mtaa ulikuwa unachangia kitu bila kushurutishwa, madawati, umeme wa zahanati, hata msiba wa mtu asiye na ndugu. Hakuna mgambo aliyekuwa anagonga mlango.

Leo mkutano ukiitishwa ni kuja kuambiwa mchango. Au mgeni anakuja. Wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa Novemba 27 mwaka 2024 tulitembelewa mpaka kwenye chanja, watu walishika dagaa kwa mikono yao wakasema mazao yetu haya lazima yathaminiwe, nilifurahi kweli siku ile nikawapa na sado moja bure. Tangu hapo mapato na matumizi yamesomwa mara moja, kwa dakika tano, kwa karatasi ambayo hata mjumbe aliyekaa mbele hakuiona, na aliyeuliza kuhusu hela ya choo cha mwaloni akaambiwa asilete siasa. Ubao wa matangazo pale ofisini una karatasi mbili zimepauka na jua.

Kila mwaka ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka tunasikia redioni mabilioni hapa mabilioni pale, tunatikisa vichwa. Lakini CAG hawezi kuja kukagua daftari la mtaa wetu ukurasa kwa ukurasa, CAG wetu sisi ni ule mkutano chini ya mti. Mkiuua huo mkutano hakuna anayekagua tena. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 akina mama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, iliposimamishwa mwaka 2023 kikundi chetu kilikuwa kimeshajaza fomu, hakuna kiongozi hata mmoja aliyekuja kutwambia imesimama, tulikuwa tunafuatilia ofisini kama wajinga, na iliporudi mwaka 2024 tukaisikia kwa watu wa mtaa wa pili. Nyie mlikuwa mnajua. Mkutano wa nusu saa ulitosha.

Na naomba niseme hili kwa upole. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29 mwaka 2025 na yale yaliyofuata, watu wameingiwa na woga. Mtu akitaka kuongea kitu cha serikali anaangalia nyuma kwanza, hata kama ni swali la taka tu. Nyie mnaweza kuona huo ukimya mkadhani mtaa umetulia. Haujatulia. Mi nakaa nao, nasikia wanayoongea usiku wakishona nyavu, vijana wa miaka ishirini na mbili kama wangu wanaosema kuuliza ni kukosea. Kiongozi wa juu hawezi kuja kumtoa huyo kijana kwenye huo uchungu, ni nyie mnaoweza, kwa kumwita jina lake na kumjibu alichouliza.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mgambo akija kwenye banda la mtu aseme anatoka wapi, kosa ni lipi na liko kwenye sheria ndogo ipi, aandike, mtu asaini au akatae kusaini. Mtu asilale ofisi ya kata tena, hata saa moja asifungiwe, kama kosa ni la polisi apelekwe polisi na ndugu zake waambiwe. Hela yoyote bila kontrol namba isipokelewe, na mashine isipokuwa na chaji basi na faini isubiri chaji. Sheria ndogo zibandikwe ukutani pale mzani ulipo, kwa herufi kubwa, na kiasi cha faini kionekane, ili asiyejua kusoma asomewe na mwenzake. Barua ya mwenyekiti ya utambulisho isiwe na bei, mtoto anaenda kuomba chuo anatozwa elfu tano ya muhuri, wino gani huo. Baraza la kata lipewe hiyo sheria ya mwaka 2021 na wananchi waambiwe hadharani kwamba mwisho ni siku 30.

Madiwani nyie mna nguvu zaidi, mnakaa baraza la madiwani, hizo sheria ndogo mnapitisha nyie kabla hazijaenda kwa waziri. Ulizeni humo, kwa kata zenu, faini zilizokusanywa mwaka mzima ni shilingi ngapi na risiti ni ngapi. Mkipata namba mbili tofauti mtajua pa kuanzia.

Na wale watendaji wanaofanya kazi vizuri, mpo, nawajua wawili kwa sura, mmoja alikuwa analala zahanati na wagonjwa wakati wa kipindupindu wakati wenzake wamezima simu, nyie naomba msichukie barua hii, inawahusu kwa sababu hawa wengine wanawachafulia jina na nyie mmenyamaza.

Mbalamwezi nyingine inakuja. Mitumbwi yote itakuwa nchi kavu, vijana wapo, akina mama tupo, hakuna atakayesema yuko ziwani. Njooni Jumamosi ya wiki hiyo saa tisa alasiri pale chini ya mti, mti bado upo, viti tutaleta wenyewe na chai nitapika mimi. Msije na gari la matangazo wala mgeni rasmi. Leteni daftari la mapato na matumizi, leteni hizo sheria ndogo, na yule aliyemfungia mwanangu stoo aje naye, sio kwa ubaya, akae akasikilizwe kama ambavyo mwanangu alitakiwa asikilizwe. Kijana nimeshaongea naye, alikataa mara mbili, juzi akasema atakuja ila atakaa nyuma. Atauliza swali lake lile lile aliloliuliza siku ile.

Na mi nitakuja na jina la yule mwenzangu niliyemkopa, tarehe na saa nimeandika, kwa ajili ya risiti yangu ya elfu thelathini.

Mama wa dagaa,
Mwanza